Wasifu wa wanamuziki wa roki na panki: Ukweli hupatikanaje pale msanii alipojibunia maisha?

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2025 mwandishi wa Uingereza, Lesley-Ann Jones, alichapisha kitabu kinachodai kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Zanzibar, aliacha mtoto wa kike ambaye dunia haikuwahi kumjua.

Kwa mujibu wa kitabu hicho, kiitwacho Love, Freddie, mwimbaji huyo alimwachia binti huyo madaftari 17 aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Jina halisi la binti huyo halikutajwa.

Mary Austin, aliyekuwa mchumba wa Mercury katika miaka ya 1970, akabaki rafiki yake wa karibu hadi mwisho na kurithi nyumba yake ya London, alisema hakuwa na habari zozote za mtoto wala za madaftari hayo.

Msomaji anaachwa njia panda. Mhusika mkuu alifariki dunia tangu Novemba 24, 1991, akiwa na umri wa miaka 45. Hawezi kukubali wala kukanusha. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini je, methali hiyo yatosha kuwa ushahidi juu ya maisha ya mtu?

Swali hilo ni kubwa kuliko Mercury peke yake. Linagusa aina nzima ya vitabu ambavyo katika miongo minne iliyopita vimejaza rafu za maduka ya Ulaya na Marekani: wasifu wa wanamuziki wa roki, na wa ndugu yake mdogo mwenye hasira, panki, muziki uliozuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, wenye nyimbo fupi, magitaa ya kelele na dharau kwa wakubwa.

Makala haya yanaeleza jinsi vitabu hivyo vinavyoandikwa, kwa nini ni vigumu kuliko wasifu wa wanasiasa au wanajeshi, na ni nani anayeumia pale mwandishi anapokosea.

Jina la kubuni, historia ya kubuni

Mtu anayeandika wasifu wa waziri huanzia kwenye karatasi. Kuna kumbukumbu za vikao, barua za ofisi na hotuba zilizopigwa chapa. Anayeandika wasifu wa mwanamuziki wa roki huanzia kwenye hadithi, na mara nyingi hadithi hiyo ilitungwa na mwanamuziki mwenyewe.

Chukua mfano wa Joe Strummer, kiongozi wa bendi ya The Clash iliyoanzishwa London mwaka 1976. Mashabiki walimjua kama sauti ya vijana wa mitaani wasio na kazi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Graham Mellor. Alizaliwa Ankara, Uturuki, Agosti 21, 1952, baba yake akiwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Utoto wake ulipita Cairo, Mexico City na Bonn, kisha akapelekwa shule ya bweni.

Kwa macho ya panki, nasaba hiyo ilikuwa aibu. Ilimpasa kijana huyo azike Mellor ili Strummer aaminike.

Mwandishi Chris Salewicz, aliyekuwa rafiki yake, alitumia zaidi ya kurasa 600 katika kitabu Redemption Song, kilichotoka mwaka 2006, kuwaunganisha watu hao wawili. Alichokikuta chini ya hadithi hakikuwa unafiki tu. Kulikuwa pia na msiba: kaka yake Strummer, David, alijitoa uhai mwaka 1970. Kijana aliyejipa jina jipya alikuwa anakimbia tabaka lake na majonzi yake kwa wakati mmoja.

Jim Morrison wa bendi ya The Doors alikwenda mbali zaidi. Katika maelezo yaliyotolewa na kampuni yake ya kurekodi mwaka 1967, ilielezwa kuwa wazazi wake walikwisha kufa. Ukweli ni kwamba walikuwa hai, na baba yake alikuwa ofisa wa ngazi ya juu wa jeshi la majini la Marekani, aliyeongoza meli za nchi hiyo katika tukio la Ghuba ya Tonkin la Agosti 1964 lililoiingiza Marekani zaidi katika vita ya Vietnam.

Hapa mwandishi wa wasifu anakabiliwa na mtego. Akiinakili hadithi ya msanii, anakuwa karani wa matangazo. Akiibomoa kwa furaha, anamgeuza msanii kuwa tapeli. Kazi yake ni ya tatu, ambayo ni ngumu zaidi: kueleza kwa nini mtu huyo aliihitaji hadithi ile.

Tamasha la watu 40

Ugumu wa pili ni mashahidi.

Juni 4, 1976, bendi ya Sex Pistols ilipiga muziki katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall mjini Manchester. Onyesho hilo liliandaliwa na vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, waliokuwa wanaunda bendi yao ya Buzzcocks. Inakadiriwa kuwa watazamaji hawakuzidi sana 40.

Miongoni mwao walikuwamo Peter Hook na Bernard Sumner, waliokwenda kuunda bendi iliyokuja kuitwa Joy Division, na kijana Morrissey, aliyekuja kuwa mwimbaji wa The Smiths. Kwa sababu ya majina hayo, usiku ule ulikuja kuonekana kuwa chemchemi ya muziki wa mji mzima.

Tangu hapo idadi ya watu wanaosema walikuwapo imeongezeka mwaka hadi mwaka, hadi ukumbi ule usingewatosha. Mwandishi David Nolan aliona jambo hilo linastahili kitabu kizima. Alikiita I Swear I Was There, maana yake naapa nilikuwapo. Alichofanya ni kazi ya kiofisa wa upelelezi: kuwatafuta waliodai kuwapo, kulinganisha maelezo yao, na kuwatenganisha waliokuwapo kweli na waliofika onyesho la pili wiki chache baadaye, au ambao hawakufika kabisa.

Si kwamba wote hao ni waongo. Kumbukumbu ya binadamu hujipendelea. Mtu aliyesikia simulizi ya tukio mara 100 mwishowe hujiona yumo ndani yake. Ongeza pombe, dawa za kulevya na miaka 30 ya kuulizwa maswali yale yale na waandishi wa habari, na unapata shahidi ambaye hakumbuki tena tukio bali anakumbuka majibu yake ya awali.

Karatasi hazilewi

Ndiyo maana waandishi makini wa fani hii wamerejea kwenye karatasi.

Mark Lewisohn, Mwingereza aliyejitolea maisha yake kuitafiti bendi ya The Beatles, alichapisha juzuu ya kwanza ya kazi yake, Tune In, mwaka 2013. Toleo lake refu lina kurasa zaidi ya 1,600, nalo linaishia Desemba 1962, kabla bendi hiyo haijapata umaarufu mkubwa. Alitumia mikataba, barua, vyeti, kumbukumbu za studio na magazeti madogo ya mitaa kupima kila simulizi lililozoeleka.

Kwa mwandishi wa panki kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa bendi nyingi hazikuwa na ofisi wala meneja wa kutunza mafaili. Kinachobaki ni vipeperushi vya maonyesho, kanda za sauti, majarida yaliyochapwa kwa mashine za kurudufu, na mafaili ya mahakama.

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, aliyejitoa uhai Aprili 5, 1994 akiwa na umri wa miaka 27.

Cobain alipenda kusimulia kuwa alipokuwa kijana asiye na makao katika mji wa Aberdeen, jimbo la Washington, aliishi chini ya daraja. Mashabiki wamekuwa wakienda kulizuru daraja hilo kama kaburi la walii.

Charles R. Cross, mhariri wa zamani wa gazeti la muziki mjini Seattle, alipoandika Heavier Than Heaven, kitabu kilichotoka mwaka 2001 baada ya mahojiano zaidi ya 400, aliitilia shaka habari hiyo. Mpiga besi wa Nirvana, Krist Novoselic, alieleza kuwa Cobain alikuwa akizurura pale, lakini maji ya mto ule hupanda na kushuka, hivyo mtu asingeweza kuishi kingoni mwake. Cross aligundua kuwa kijana huyo alikuwa akilala kwenye korido za majengo ya watu na katika chumba cha kusubiria cha hospitali.

Msomaji aone hapa kitu muhimu. Ukweli haukupunguza mateso ya Cobain. Kijana anayelala kwenye viti vya hospitali, miongoni mwa wagonjwa wasiomjua, anatia huruma kuliko yule wa darajani. Hadithi ilikuwa nzuri kwa nyimbo, ukweli ulikuwa mzito zaidi kwa moyo.

Hata hivyo, Cross mwenyewe hakunusurika na lawama. Mwishoni mwa kitabu alizieleza saa za mwisho za Cobain kana kwamba alikuwamo chumbani, ilhali hakuna shahidi aliyekuwapo. Baadhi ya wahakiki walisema hapo aliacha wasifu akaingia kwenye riwaya.

Naye Michael Azerrad, aliyeandika Come As You Are mwaka 1993 kwa ushirikiano wa Cobain akiwa hai, alirudi kwenye kitabu chake miaka 30 baadaye. Mwaka 2023 alitoa toleo lenye maelezo marefu ya ziada, akipitia maandishi yake na kuonyesha mahali ambapo mwimbaji huyo alikuza mambo au kuyaficha. Ni waandishi wachache wanaofanya hivyo hadharani. Wengi huacha kosa liendelee kunukuliwa hadi liwe historia.

Msema pweke hakosi

Vitabu hivi havina sura moja. Kwa ujumla vinagawanyika katika makundi manne, na kila moja lina faida na hila zake.

Kundi la kwanza ni tawasifu, yaani msanii kujiandikia mwenyewe, mara nyingi akisaidiwa na mwandishi mzoefu. Keith Richards wa The Rolling Stones alitoa Life mwaka 2010 akishirikiana na mwandishi James Fox. Mwaka huo huo Patti Smith, mshairi na mwimbaji wa New York, alitoa Just Kids, kilichopata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani. Kundi hili lina sauti halisi ya mhusika, lakini msema pweke hakosi.

Kundi la pili ni wasifu ulioidhinishwa. Mwandishi hufunguliwa milango ya familia, hupewa picha, barua na namba za simu za marafiki. Malipo yake ni kwamba anaweza kuombwa aonyeshe maandishi kabla ya kuchapwa, na yeye mwenyewe anaona aibu kumuudhi aliyemkaribisha chai.

Kundi la tatu ni wasifu usioidhinishwa. Mwandishi yuko huru, lakini milango imefungwa, na baadhi yao hujaza pengo kwa matope. Albert Goldman alishambuliwa vikali kwa kitabu chake juu ya Elvis Presley cha mwaka 1981, na tena kwa kile cha John Lennon cha mwaka 1988, kilichoelezwa na waliomjua Lennon kuwa kimejaa chuki na makosa. Jibu bora kwa kitabu cha Elvis halikutoka mahakamani. Lilitoka kwa Peter Guralnick, aliyeandika maisha ya Elvis upya katika juzuu mbili, mwaka 1994 na 1999, kwa utulivu na kwa ushahidi.

Kundi la nne ndilo mchango mkubwa wa panki: historia ya masimulizi. Katika Please Kill Me cha mwaka 1996, Legs McNeil na Gillian McCain walipanga sauti za mamia ya mahojiano bila msimulizi kati yao. Mmoja anasema hili, anayefuata anampinga, na msomaji ndiye hakimu. Penye wengi pana mengi, na mtindo huo unakubali jambo hilo bila haya. Udhaifu wake ni kwamba aliyekufa mapema hana wa kumsemea, na mkono wa anayepanga sauti hauonekani.

Kisa cha Sex Pistols kinaonyesha jinsi mshikaji wa kalamu anavyobadilisha kila kitu. Bendi hiyo ilitoa albamu moja tu ya studio na kuvunjika Januari 1978. Mwaka 1980 ilitoka filamu iliyomwonyesha meneja wao, Malcolm McLaren, kama fundi aliyepanga mambo yote na kuwachezesha vijana wale kama vibaraka. Miaka 20 baadaye, mwaka 2000, wanabendi walitoa filamu ya upande wao, The Filth and the Fury. Aliyeongoza filamu zote mbili ni mtu yule yule, Julien Temple.

Kati ya filamu hizo mbili alikuja Jon Savage na kitabu England’s Dreaming cha mwaka 1991, ambacho hakikuwa cha meneja wala cha bendi. Na mwaka 2009 Savage alichapisha mahojiano yenyewe aliyoyatumia, ili yeyote apime kama aliwatendea haki waliozungumza naye.

Wenye funguo

Mbali na kumbukumbu, kuna sheria na fedha.

Nchini Uingereza, mtu aliyekufa hawezi kukashifiwa kisheria. Familia yake haiwezi kumshitaki mwandishi kwa niaba ya heshima ya marehemu. Ndiyo sababu vitabu vikali zaidi hutoka baada ya mazishi.

Lakini warithi wana silaha nyingine, nayo ni hakimiliki. Barua, shajara na mashairi ya nyimbo hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi katika nchi hiyo. Mtu anaweza kuwa na barua ya mwanamuziki sandukuni mwake, akawa mmiliki halali wa karatasi ile, na bado asiwe na ruhusa ya kuyachapa maneno yaliyomo. Ndiyo maana vitabu vingi vya wasifu wa wanamuziki vina mashairi machache ya nyimbo zao: kila mstari una mwenyewe na una bei.

Shajara za Cobain zilichapishwa kama kitabu mwaka 2002. Wapo waliofurahi kuisikia sauti yake, na wapo waliouliza iwapo mtu aliyeandika kwa ajili ya macho yake mwenyewe alistahili kuwekwa dukani.

Katika filamu, nguvu ya wenye haki huonekana wazi zaidi. Steve Jones wa Sex Pistols aliandika kumbukumbu zake, Lonely Boy, mwaka 2016. Ulipotengenezwa mfululizo wa televisheni kutokana na kitabu hicho, mwimbaji wa zamani John Lydon alikataa nyimbo za bendi zitumike. Mwaka 2021 Mahakama Kuu mjini London iliamua kuwa alifungwa na makubaliano ya mwaka 1998 yaliyoruhusu wanabendi kuamua kwa wingi wa kura. Mfululizo huo ulionyeshwa mwaka 2022, Lydon akiwa mhusika katika simulizi asiloliafiki.

Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 ni mfano mwingine. Iliingiza zaidi ya Dola milioni 900 za Marekani na kumpatia mwigizaji Rami Malek tuzo ya Oscar. Ilitengenezwa kwa ushiriki wa wanabendi waliobaki, Brian May na Roger Taylor, na meneja wao.

Humo, Mercury anawaeleza wenzake kuwa ana virusi vya Ukimwi kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985, na bendi inaonyeshwa ikiwa imetengana kisha inaungana kwa ajili ya siku hiyo. Ukweli ni kwamba Queen ilikuwa imemaliza ziara yake miezi miwili tu kabla, na waandishi wengi wa maisha yake huiweka habari ya maradhi yake baada ya tamasha hilo. Mamilioni ya watu sasa wanaijua tarehe ya filamu, si ya maisha.

Wanaobaki na majeraha

Huenda msomaji akajiuliza: yote haya yana uzito gani? Ni wanamuziki tu.

Uzito wake wanaujua waliobaki.

Oktoba 12, 1978, kijana wa Kimarekani, Nancy Spungen, alikutwa amekufa kwa jeraha la kisu katika hoteli ya Chelsea, New York. Mpenzi wake Sid Vicious, mpiga besi wa Sex Pistols, alishitakiwa kwa mauaji. Alikufa Februari 2, 1979 kwa kuzidisha dawa za kulevya, akiwa na umri wa miaka 21, kabla kesi haijasikilizwa. Hakuna mahakama iliyowahi kutoa hukumu.

Pengo hilo limejazwa na vitabu na filamu zenye nadharia za kila namna. Katika nyingi, Nancy ni kikaragosi: mwanamke mwenye kelele aliyeharibu bendi.

Mama yake, Deborah Spungen, aliandika kitabu mwaka 1983 kueleza mtoto aliyemlea, maradhi yaliyomsumbua tangu udogoni na hospitali zilizoshindwa kumsaidia. Hakuandika kitabu cha muziki. Baadaye alijishughulisha na kuzisaidia familia za waliouawa. Kwake, kila kitabu kipya kinachomfanyia binti yake mzaha ni matanga mapya.

Vivyo hivyo kwa Deborah Curtis, mjane wa Ian Curtis wa Joy Division, aliyejitoa uhai Mei 18, 1980 akiwa na miaka 23, siku moja kabla ya bendi kuondoka kwa ziara ya kwanza Marekani. Wakati magazeti ya muziki yakimjenga Curtis kama nabii wa huzuni, mjane wake alibaki na mtoto mchanga. Kitabu chake cha mwaka 1995, Touching from a Distance, kilimrudisha mtu wa nyumbani: mume mgonjwa wa kifafa, mwenye mapenzi ya pembeni na hofu nyingi.

Binti wa mwimbaji Poly Styrene naye amefanya kazi hiyo. Mama huyo, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1957 kwa jina la Marianne Joan Elliott-Said, alikuwa na baba Msomali, naye aliongoza bendi ya panki ya X-Ray Spex wakati ambapo wanawake weusi jukwaani mwa muziki huo walihesabika kwa vidole. Alifariki mwaka 2011. Binti yake, Celeste Bell, aliandika kitabu juu yake mwaka 2019 pamoja na Zoë Howe, kisha akashiriki kuongoza filamu iliyotoka mwaka 2021. Hakuficha kwamba kulelewa na mwanamke huyo mgonjwa na mwenye kipaji kulikuwa kugumu.

Ukurasa mtupu wa Zanzibar

Turudi kwa Mercury, kwa sababu hapa jambo linatuhusu sisi wenyewe.

Yanayojulikana kwa hakika ni haya. Alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alipiga muziki katika bendi ya shule. Alirejea Zanzibar mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia ilihamia Feltham, kando ya London.

Baada ya hapo, yeye mwenyewe alinyamaza. Hakubuni utoto wa uongo kama Morrison. Aliufunga tu mlango. Wengi wa walioandika maisha yake waliupa utoto wa visiwani kurasa chache, kisha wakakimbilia London.

Ukimya huo umezaa biashara na ubishi. Kwa miaka mingi wageni Mji Mkongwe walionyeshwa zaidi ya nyumba moja, kila moja ikidaiwa kuwa ndiyo aliyoishi. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho iliipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani. Mtu mmoja, kisiwa kimoja, na hukumu zisizopatana, ilhali maisha yenyewe ya utoto wake hayajaandikwa kwa kina.

Kazi hiyo haimshindi mwandishi anayejua Kiswahili na Kigujarati, mwenye subira ya kukaa barazani. Lakini muda hausubiri. Watoto waliocheza na Farrokh vichochoroni wamefikia miaka 80 hivi. Kila mzee anayezikwa anaondoka na ushahidi ambao hakuna daftari la kuufidia, liwe la kweli au la kudaiwa.

Wala kazi hiyo si ngeni katika lugha yetu. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu na kuishia kuwa sauti ya kwanza ya visiwa hivi kurekodiwa na kuvuma kote pwani. Alimwandika kwa heshima, akijua kuwa maisha ya mwimbaji ni sehemu ya historia ya watu wake.

Msomaji aangalie nini

Anayekishika kitabu cha aina hii dukani anaweza kujiuliza maswali machache kabla ya kukiamini.

Je, mwandishi anaeleza alivyojua anachokisema, au anasema tu? Je, maneno yanayodaiwa kutamkwa faraghani yalisikiwa na nani? Je, ushahidi umewahi kuonwa na mtu mwingine asiye na maslahi? Je, waliolaumiwa walipewa nafasi ya kujibu? Na je, kitabu kinawataja waliobaki hai kama watu, au kama mapambo ya mkasa?

Kwa vipimo hivyo, kitabu cha madaftari 17 kinaweza kusomwa, lakini dai lake litabaki kuwa dai hadi madaftari hayo yatakapopimwa na wataalamu wasiofungamana na upande wowote. Kusema hivyo si kumwita mwandishi mwongo. Ni kumtaka akidhi deni ambalo kila mwandishi wa wasifu anadaiwa na marehemu asiyeweza kujitetea.

Msanii ana haki ya kujipa jina, nasaba na hata daraja la kulala chini yake. Hiyo ni sehemu ya sanaa yake. Anayeandika maisha yake hana haki hiyo.